Kiingereza kwa Mlango wa Kiswahili: Mwongozo kwa Mkazi wa Goma

Ikiwa makazi yako ni Goma, iwe Birere penye kishindo cha wachuuzi, iwe Ndosho, iwe Himbi kando ya ziwa, na umekwisha kuazimia moyoni kujifunza Kiingereza, yafaa kwanza uzingatie lugha hiyo imekufikia kwa njia gani, maana njia iliyoileta ndiyo itakayokujulisha utaisema na nani na kwa haja gani. Haikuletwa kwako na dola. Wabelgiji walituachia Kifaransa, na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, imekithibitisha Kifaransa kuwa lugha rasmi, ikazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa, wala Kiingereza hakikutajwa humo. Kimetujia kwa miguu na kwa magurudumu: kwa barabara ya Bunagana kutoka Uganda, nchi iliyotawaliwa na Waingereza hata mwaka 1962, kwa makontena yanayoteremshwa Mombasa na kupandishwa kilima kwa kilima hata kufika ziwani kwetu, kwa maofisi ya Umoja wa Mataifa na askari wake waliofika tangu mwaka 1999, na hususan kwa Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Rwanda, kwa kuwa mwaka 2008 serikali ya Rwanda ilikata shauri kwamba masomo ya shule zake yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, hata kijana wa Gisenyi, ambaye baba yake aliweza kuzungumza Kifaransa na jirani yake wa Goma pasipo taabu, leo aghalabu hana tena lugha hiyo.

Kisha ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi yetu ilitia sahihi mkataba wake jijini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022, na tarehe 11 Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili, na mkataba wenyewe, katika kifungu cha 137, ulikuwa umekwisha kuweka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Wakuu wa nchi wamekwisha kukubali kwamba Kiswahili na Kifaransa vipewe nafasi ya urasmi, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Walakini mtu mwenye mzigo wake njiani hawezi kungoja hata makaratasi yote yaandikwe upya, bali humlazimu kuyasoma kama yalivyo leo.

Sasa nakwambia rai yangu, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo huu. Katika madarasa mengi ya mji wetu Kiingereza hufundishwa kwa Kifaransa: mwalimu huandika neno la Kiingereza ubaoni, akalieleza kwa Kifaransa, na mwanafunzi, ambaye nyumbani husema Kiswahili tangu alfajiri hata usiku, akalazimika kuvuka mito miwili ili afike ng'ambo moja. Mimi naona kwamba safari hiyo ni ya bure. Kiswahili chako, hata kile cha mitaani ambacho wengine hukidharau, kimebeba ndani yake mambo mengi ya Kiingereza ambayo Kifaransa hakina, na mwenye kukitumia kuwa mlango atafika mapema kuliko yule anayezunguka kwa Kifaransa. Kifaransa nacho kina fadhila zake, nami nitazitaja mahali pake. Lakini kiwe msaidizi, kisiwe mlinzi wa mlango.

Kabla ya kununua daftari, tia nia. Usiseme, Nataka kujua Kiingereza. Hiyo ni bahari, na hakuna aliyeimaliza. Sema, Nataka kununua vitambaa Dubai na kujadiliana bei pasipo mkalimani. Au, Nataka kuwaongoza wageni wanaokuja kutazama sokwe wa Virunga. Au, Nataka kuandika taarifa ya juma katika shirika ninalofanya kazi. Au, Mimi ni muuguzi, nataka kusoma maandishi yaliyo juu ya kisanduku cha dawa na kumweleza daktari mgeni hali ya mgonjwa. Kila nia ina maneno yake, na maneno hayo ni machache kuliko mtu anavyodhani. Mwenye duka hahitaji kwanza majina ya wanyama wa porini, wala muuguzi hana haja ya kuanza na majina ya vipuri vya gari. Andika mambo ambayo wewe huyasema kila siku kazini kwa Kiswahili, sentensi nzima nzima kama zinavyotoka kinywani, kisha utafute jinsi Mwingereza anavyoyasema hayo hayo; hicho ndicho kitabu chako cha kwanza, nacho hakiuzwi dukani.

Tuingie katika matamshi, maana hapa ndipo utajiri wa Kiswahili unapodhihirika. Mfaransa hana sauti ya h, nasi tunayo katika habari na haki, basi neno la Kiingereza kama "house" au "hospital" halikutoi jasho, ikiwa tu hutaliacha likatwe kichwa kwa desturi ya Kifaransa. Tunayo ch ya chakula na j ya jambo, ambazo Mwingereza huzitumia katika "church" na "job". Tunayo ng' ya ng'ombe, ambayo ndiyo inayofunga neno "sing". Na ile sauti iliyowatisha watu wengi wa bara la Ulaya, hata wakaitamka kwa s au kwa z maisha yao yote, yaani th ya "think" na th ya "this", Waswahili wa pwani walikwisha kuipokea kwa Waarabu karne nyingi zilizopita: ile ya kwanza imo katika thamani, thelathini na methali, na ya pili imo katika dhahabu, dharura na fedha. Huku kwetu bara tumezoea kusema samani, zahabu na feza, na kwa ajili hiyo tunadhani kwamba th ya Kiingereza ni kitu kigeni. Fungua redio, umsikilize msomaji wa habari wa Dar es Salaam au wa Unguja akitamka dhamana na thelathini, uweke ncha ya ulimi baina ya meno kama yeye, ufanye hivyo kila siku hata ulimi uzoee. Siku hiyo utakuwa umetengeneza Kiswahili chako na Kiingereza chako kwa tendo moja.

Mambo matatu tu Kiswahili hakikupi, nayo yakutie hadhari. La kwanza ni irabu, kwa kuwa sisi tunazo tano, na Mwingereza anazo nyingi zaidi, fupi na ndefu, hata "live" na "leave" kwa masikio yetu ni neno moja. Na mtu akitaka kusema anaishi Goma, akavuta irabu, ameeleza kwamba anaihama Goma. La pili ni mwisho wa maneno: ulimi wetu hupenda kumalizia kwa irabu, ukaifanya "book" kuwa buku, na mgeni hataelewa, basi jizoeze kufunga neno kwa konsonanti na kunyamaza. La tatu ni mkazo, ambao kwa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa Kifaransa hukaa mwisho kabisa, na kwa Kiingereza huhamahama pasipo kanuni nyepesi; kwa hiyo kila unapoliandika neno jipya, tia alama juu ya silabi yenye mkazo kama kamusi ifanyavyo.

Katika nyakati za vitendo napo Kiswahili ni mwalimu mwema kuliko Kifaransa. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa husema kwa Kiingereza "I have seen him yesterday", kwa sababu Kifaransa cha mazungumzo hutumia umbo hilo kwa jambo la jana. Na husema "I am here since 2010", kwa sababu hivyo ndivyo Mfaransa asemavyo. Yote mawili ni makosa. Laiti angalikiuliza Kiswahili chake, kingalimjibu sawasawa: nilimwona jana, yenye li, ni "I saw him yesterday", nimekaa hapa tangu 2010, yenye me, ni "I have lived here since 2010". Si kila mahali li na me zitalingana na Kiingereza, lakini mara nyingi zitakuongoza vema. Fauka ya hayo, msemo wa mitaa yetu, ambao mwalimu wa shule huukataza, una tofauti ambayo wanafunzi wa nchi nyingine hutaabika sana kuielewa. Mtu wa Goma husema niko nakula, akiwa na sahani mbele yake, na husema nakulaka, akieleza desturi yake. La kwanza ni "I am eating", na la pili ni "I eat". Neno niko hapo limekaa mahali pale pale pa "I am". Mwambie kijana wa Majengo jambo hili, naye ataelewa kwa dakika moja somo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi.

Kuna mahali pawili ambapo Kiswahili chetu kitakuponza, nami nakuomba upatilie maanani. Sisi tunasema amekuja, na hakuna ajuaye ni mwanamume au mwanamke hata atajwe. Mwingereza hana budi kuchagua "he" au "she" kila mara. Msemaji wa Kiswahili huvichanganya, akaanza habari ya mama yake kwa "she" na kuimaliza kwa "he". Katika mazungumzo ya sokoni hakuna dhara. Lakini katika taarifa ya hospitali, au katika ushahidi unaotolewa mbele ya wakili, au katika mahojiano ya mkimbizi anayeeleza yaliyompata mkewe na kaka yake, kosa hilo huweza kumfanya msema kweli aonekane kama mtu anayejipinga mwenyewe. Basi jizoeze kwa makusudi: simulia habari ya bibi yako kwa sauti, kisha ya babu yako, kisha ya wote wawili wakiwa pamoja njiani, na mwenzako akukatize kila unapoteleza. Na ikiwa jambo ni la sheria, omba mkalimani wa Kiswahili pasipo haya yoyote, hata kama Kiingereza chako unakiona kinatosha.

Mahali pa pili ni adabu. Kwetu heshima inakaa katika salamu ndefu na katika kumwita mtu mama, papa, mzee au yaya. Kwa Mfaransa inakaa pia katika kule kumwita mtu mmoja kwa wingi. Kiingereza hakina hayo yote, mkubwa na mdogo wote ni "you", na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba Waingereza hawana adabu, wakaanza kusema "Give me" kama tunavyosema nipatie. Kumbe heshima yao wameiweka kwingine, katika "please", katika "could you" na "may I", na katika kuomba kwa njia ya swali. Ujumbe wa kazi kwa Kiingereza huanza kwa salamu fupi, husema haja katika mstari wa pili, na hushukuru mwishoni. Ukiujaza habari za afya na za jamaa kama barua ya nyumbani, mpokeaji atapotea kabla ya kuifikia haja yako, na ukiuandika pasipo "please" hata moja, ataona umemwamuru.

Sasa nitimize ahadi yangu juu ya Kifaransa. Mwaka 1066 Wanormandi waliokuwa wakisema Kifaransa waliivuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa mahakama na majumba ya wakubwa wa nchi hiyo yakasema lugha yao, hata maelfu ya maneno ya Kifaransa yakaingia katika Kiingereza na hayajatoka hata leo. Kwa hiyo wewe uliyemaliza sekondari ya Kongo, unapokutana na maandishi ya serikali, ya sheria au ya afya, utakuta maneno mengi unayoyajua, "government", "justice", "contract", "medicine", na utaweza kuusoma waraka ambao hungeweza kuusema. Fadhila hii ni kubwa, itumie katika kusoma. Lakini baadhi ya maneno hayo yamebadili maana njiani, na hayo ndiyo yanayoharibu barua za watu wetu. Anayewaandikia wafadhili akitaka kuomba, akakumbuka "demander", akaandika "we demand", amewadai kwa ukali. Anayetaka kusema alihudhuria mkutano, akaandika "I assisted", amesema alisaidia. Kwa Kifaransa "éventuellement" ni labda, kwa Kiingereza "eventually" ni hatimaye, basi katika mkataba ahadi isiyo na uhakika hugeuka kuwa wajibu. Na "actually" haimaanishi sasa hivi kama "actuellement", ila kwa hakika. Fungua daftari la maneno ya namna hii, na kila unapokutana na jipya uliongeze.

Hesabu nazo zina mtego wake, na wafanyabiashara wazisome sehemu hii mara mbili. Katika maandishi ya Kifaransa mkato hutenga sehemu ya desimali. Katika ya Kiingereza mkato hutenga maelfu, na nukta ndiyo hutenga desimali. Ankara, ambayo sisi twaiita faktire, ikitoka Dubai ikiwa imeandikwa 1,500, ni elfu moja na mia tano, wala si moja na nusu, na 2.750 kilo ni kilo mbili na robo tatu, wala si elfu mbili na mia saba na hamsini. Kile ambacho Mfaransa hukiita "milliard", Mwingereza hukiita "billion", na Kiswahili cha leo humfuata Mwingereza. Tarehe 05/06 kwa mtu wa Nairobi au London ni ya tano Juni, kwa Mmarekani ni ya sita Mei. Basi katika barua zako andika jina la mwezi kwa herufi, usimpe mtu nafasi ya kukosea. Na ukiulizwa bei, tazama herufi zilizo karibu nayo: FOB maana yake muuzaji amemaliza kazi yake mzigo unapopakiwa melini, nauli na bima ya bahari ni juu yako, CIF maana yake bei imebeba nauli na bima hata bandari iliyotajwa. Kwa hali zote mbili, mzigo ukishushwa Mombasa, kutoka hapo kuvuka Kenya na Uganda hata Bunagana na Goma ni gharama yako, pamoja na forodha. Watu wengi wamefilisika kwa kutozisoma herufi tatu.

Ama vitabu, usihangaike. Katika nyumba nyingi za Goma kuna Biblia ya Kiswahili, na sura na aya zake zimepewa hesabu zile zile katika karibu kila tafsiri duniani. Tafuta Biblia ya Kiingereza cha siku hizi, uziweke ubavu kwa ubavu, usome aya moja huku na ile ile kule, nawe hutahitaji kamusi kwa muda mrefu, kwa kuwa habari yenyewe unaijua. Jihadhari tu na ile tafsiri mashuhuri ya mwaka 1611, ambayo uzuri wake haukataliki, lakini maneno yake mengi hayasemwi tena na mtu aliye hai. Mwislamu naye anaweza kufanya hivyo hivyo kwa Kurani, maana Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alitoa tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1969, na tafsiri za Kiingereza hazikosekani. Kwa kamusi, usiende kwanza kwa zile za Kifaransa na Kiingereza. Itafute Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1996, ufike kwenye maana kwa hatua moja.

Na ukiisha kupiga hatua, jizoeze kutafsiri, ukianza na tangazo la dawa, kisha habari ya gazeti, kisha barua. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na nchi changa mikononi mwake, alipata wasaa wa kuutia mchezo wa Shakespeare katika Kiswahili mwaka 1963, ule wa Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Sikuambii uanze na Shakespeare. Kiingereza chake ni cha zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Nakutajia jambo hili ili ujue kwamba mtu aliyekipenda Kiswahili kuliko wengi wa zama zake alikijua Kiingereza kwa undani, na vitu hivyo viwili havikugombana kifuani mwake. Mwenye kutafsiri huona mara moja kile asichokielewa, jambo ambalo msomaji wa haraka hupita juu yake asijue.

Kusema kunataka moyo zaidi ya akili. Watu wazima wengi wa mji wetu husoma Kiingereza vizuri na kunyamaza mbele ya mgeni, kwa kuwa wanaona haya ya lafudhi yao. Zingatia haya: wasemao Kiingereza duniani hukadiriwa kuwa karibu bilioni moja na nusu, na waliozaliwa nacho hawafiki milioni mia nne. Maana yake ni kwamba mtu utakayesema naye, awe Mhindi wa Kampala, awe Mchina wa Guangzhou au askari aliyetoka Malawi, yumkini naye alijifunza kama wewe. Joseph Conrad, aliyezaliwa mwaka 1857 katika jamaa ya Kipolandi, alikijua Kifaransa tangu utoto, na alikuwa amepita miaka ishirini alipokanyaga Uingereza mwaka 1878. Mwaka 1890 alikuja Kongo akapanda mto hata maporomoko ya Kisangani, na baadaye akawa miongoni mwa waandishi wakuu wa Kiingereza. Simtaji kwa kusifu alivyotuandika sisi watu wa nchi hii, maana juu ya hilo mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, alikwisha kumjibu kwa haki mwaka 1975. Namtaja kwa kuwa njia yake ndiyo yako, Kifaransa kwanza na Kiingereza ukubwani, na kwa kuwa hata siku alipokufa lafudhi ya kwao haikuondoka kinywani mwake, wala haikumzuia kufika alikofika. Sema polepole, malizia maneno yako, usiige sauti ya Mmarekani uliyemwona katika filamu.

Tafuta wenzako. Vilabu vya Kiingereza vimekuwa desturi ya vijana wa Goma, katika vyuo, makanisani na mitaani, na chako kikiwa mbali, watu wanne katika uwanja wa nyumba wanatosha, kwa sharti kwamba kila mmoja aseme, na kwamba hakuna atakayemcheka mwenzake. Afadhali mada ya siku iwe kazi ya mmoja wenu: leo fundi wa chukudu aeleze jinsi anavyochonga gurudumu, kesho mama muuza samaki aeleze sambaza wanavyovuliwa usiku kwa taa. Mwalimu wa kulipwa mchague kwa kumtazama akifundisha kabla ya kutoa fedha. Ikiwa katika saa nzima yeye ndiye aliyesema na wanafunzi wamenakili tu, nenda kwingine, hata kama cheti chake ni kirefu. Ikiwa una watoto, uwaache wakijue Kiswahili barabara kabla ya kuwalazimisha Kiingereza mezani. Naliona jambo hili kwa uchungu: nyumba nyingine huwakataza watoto lugha ya nyanya yao, na mtoto akabaki na maneno ya Kiingereza yasiyofika mia, asiyeweza kumweleza nyanya huyo kwamba kichwa kinamwuma.

Neno la hadhari kwa wale ambao maisha ya vita na kuhamahama yamewafanya watazame nje. Kiingereza ni lugha ambayo watapeli wengi huitumia, kwa kuwa wanajua mtu huona aibu kukiri kwamba hakuelewa. Kazi ya kweli haidai ada ili uajiriwe. Ufadhili wa kweli wa masomo haukutaki utume fedha kwa simu kwa mtu usiyemjua. Na huduma za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, haziuzwi. Kila akuombaye fedha kwa ajili yake, iwe Goma, iwe kambi ya Nakivale kule Uganda, ni mwizi, hata awe na karatasi yenye mhuri. Karatasi yoyote ya Kiingereza unayotakiwa kuitia sahihi, omba muda, uipeleke kwa watu wawili wasiojuana, kila mmoja akueleze peke yake kwa Kiswahili, ulinganishe.

Mwisho ni mtihani, kwa wanaouhitaji. Mtihani wa Taifa wa kwetu humpima mwanafunzi Kiingereza pamoja na Kifaransa, lakini vyuo vya nje havitosheki nao, bali hutaka mtihani kama IELTS, ambao hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, hutoa alama kutoka 0 hata 9, na matokeo yake huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili. Kwa hiyo usiufanye mapema mno kabla hujajua chuo gani unakiomba na kinataka alama ngapi. Unafanyika Kigali na Kampala, basi weka katika hesabu yako nauli, malazi na hati ya kuvukia mpaka. Upo pia mtihani wa Duolingo, ambao mtu huufanya nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, na vyuo kadhaa huukubali. Huo huweza kufutika intaneti ikikatika katikati, na ukijua hali ya umeme wetu, tafuta ofisi yenye betri au jenereta, yenye chumba kitupu na mlango unaofungika.

Na kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, tazama jina lako. Siasa ya uhalisi ya Mobutu, aliyeyakataza majina ya Kikristo mwaka 1972, ilituachia jina la ziada, na leo Mkongo huandikwa kwa majina matatu, "nom", "postnom" na "prénom", ilhali fomu ya Kiingereza aghalabu ina nafasi mbili tu: "surname" au "last name", ambayo ni ile "nom", na "first name" au "given names", ambayo ni "prénom". Lile la katikati halina mahali pake, na watu huliweka huku leo na kule kesho, hata cheti cha mtihani, barua ya chuo na viza vikawa na majina matatu ya watu watatu. Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya herufi iliyo chini kabisa: katika mstari wa kwanza, baada ya herufi COD, linakuja jina la ukoo, kisha alama mbili za mshale zilizofuatana, kisha majina mengine. Yote yaliyo kabla ya mishale miwili ni "surname", na yote yaliyo baada yake ni "given names". Yanakili hivyo hivyo, herufi kwa herufi, katika kila fomu utakayoijaza.